Rangi ya bampa imebanduka, imepasuka au haifanani na gari: kutafuta chanzo kabla ya kupuliza upya

Okota kwanza kipande cha rangi kilichobanduka, ukigeuze. Mgongo wake una habari nyingi kuliko uso.

Mgongo ukiwa na praima (tabaka la chini linaloshikisha rangi) na bampa likibaki plastiki tupu, nyeusi na laini, basi praima haikuishika plastiki. Mgongo ukiwa na rangi ya gari huku praima imebaki kwenye bampa, kosa lilifanyika kati ya hizo mbili. Na kipande kikiwa hakina rangi yoyote, kinapitisha mwanga kama ganda la kitunguu, hiyo ni klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, iliyoachana na rangi. Fundi anayepuliza mkono mpya (tabaka jipya) bila kujua ni tabaka gani lililoachia anafunika kidonda kibichi. Mkono huo mpya utaondoka na wa zamani, siku ile ile.

Muda pia ni ushahidi. Vishimo na mikunjo hujitokeza bunduki ya kupulizia rangi ikiwa bado mkononi. Ukungu mweupe huja ndani ya saa moja au mbili. Kubanduka husubiri gari lioshwe kwa mashine ya maji ya kasi, au kokoto za lori zilipige kwenye barabara ya Salgaa kwenda Mau Summit. Kupasuka husubiri bodaboda aegemee bampa kwenye foleni.

Inatoka kwa mapande, plastiki inabaki tupu

Hii ndiyo inayorudi gereji kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Mabampa mengi ya magari yanayoingia kutoka Japani, Vitz, Fielder, Demio, Note na wenzao, ni polipropilini iliyochanganywa na mpira. Polipropilini ndiyo ile ya viti vya plastiki vinavyokodishwa kwa harusi na matanga. Kwa asili yake haipendi kushikwa na kitu, na rangi hukaa juu yake kama maji juu ya sahani ya mafuta. Praima ya bati haiishiki, hata iwe ya bei gani.

Geuza bampa utafute maandishi yaliyochapwa ndani. Ukiona >PP+EPDM-T10< au yanayofanana na hayo, ndiyo hiyo polipropilini na mpira. T ni talki, na nambari ni asilimia yake. Ukiona ABS, kama kwenye grili nyingi na vifuniko vya vioo vya pembeni, plastiki hiyo hushika rangi kwa urahisi zaidi. PUR ni laini, inakunjika kama soli ya kiatu. Maandishi yakiwa yamefutika, kwangua kijipande upande wa ndani ukitie kwenye glasi ya maji. Kikielea, ni polipropilini. Kikizama usikate shauri bado, maana talki ikiwa nyingi huzamisha hata polipropilini. Hapo piga msasa sehemu ya ndani: ABS hutoa unga mkavu, polipropilini hutoa manyoya na nyuzi zinazojikunja kwenye karatasi.

Chanzo cha kwanza cha kubanduka ni kuruka praima ya plastiki, ile ya maji maji isiyo na rangi au yenye kijivu hafifu, inayouzwa kwa mkebe au kopo la kupuliza. Wengi wanairuka kwa sababu ukiipuliza huoni kitu, na mteja naye haoni kitu, basi inaonekana kama pesa za bure. Bampa la mbele la gari dogo halihitaji zaidi ya mililita 150. Mikono miwili myembamba, dakika 5 kati yake, kisha iache ipumue dakika 10 hadi 15. Haipigwi msasa. Rangi au praima inayofuata iingie ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkebe, na kwa bidhaa nyingi ni kama saa moja. Ukienda kula ugali na kurudi alasiri, anza tena.

Kuna wanaokosea upande wa pili, wakaimwaga nene ili ishike zaidi. Ikiwa nene hugeuka kuwa safu laini isiyo na nguvu, na rangi inaondoka nayo. Ukiona mgongo wa kipande una utando unaonata au unaong'aa kama gundi, ndicho kilichotokea.

Chanzo cha pili ni uchafu usioonekana. Bampa jipya ambalo halijapakwa kitu lina mafuta ambayo kiwanda hupaka kwenye kalibu ili bampa litoke. Bampa lililotumika lina miaka ya nta na yale mafuta ya silikoni ya kung'arisha dashibodi na matairi. Utaratibu ni huu:

Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa pedi ya kijivu ya kukwaruza, nje na ndani. Ndani usipasahau: tope lililojificha nyuma ya taa za ukungu ndilo litakalodondoka juu ya klia yako. Suuza, kisha tazama maji yanavyokaa. Yakitandaa kama shuka, pamesafika. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, rudia. Liache likauke kabisa, na bampa jipya ni vizuri likae juani saa moja kabla ya kuoshwa mara ya pili, kwa sababu joto huleta juu mafuta ya kalibu.

Halafu kisafishio cha mafuta kwa vitambaa viwili: kimoja kimelowa, cha pili kikavu kinakifuata papo hapo kabla dawa haijakauka. Ukitumia kimoja unayahamisha mafuta tu kutoka kona hii hadi ile. Usitumie petroli, huacha mafuta yake yenyewe. Usitumie thina ya NC (ya rangi za nitroselulosi) pia, maana plastiki huinywa, ikavimba, kisha thina ikatafuta njia ya kutoka baada ya wiki ikipitia kwenye rangi yako.

Ndipo upige msasa. Nambari 400 hadi 600 kwa plastiki tupu. Kona, mikunjo na matundu ya grili upitishe pedi ya kijivu. Angalia pale kubanduka kulikoanzia: mara nyingi ni ukingo wa juu karibu na boneti, au pembe za chini. Ni sehemu ambazo mkono hauzifikii vizuri, kwa hiyo hazikupigwa msasa. Ukiona manyoya ya polipropilini, punguza nguvu, ongeza maji, na umalizie na karatasi laini zaidi. Safisha tena kwa vitambaa viwili, kisha praima ya plastiki.

Bampa la badala lililonunuliwa dukani likiwa na rangi nyeusi au kijivu isiyong'aa lina mtego wake. Muuzaji atasema, "Hii iko na praima tayari, bosi, piga rangi tu." Lowesha kitambaa kwa thina, kisugue mahali pamoja kwa nusu dakika. Kitambaa kikibaki safi, praima ni nzuri: msasa 500, kisafishio, rangi, zile kingo ambazo umefikia plastiki uzipe praima ya plastiki. Kitambaa kikitoka cheusi na plastiki ikaonekana, hiyo ilikuwa rangi ya maonyesho. Iondoe yote. Ukiiacha, kazi yako yote imening'inia juu yake.

Kisha kuna Probox. Nyingi zina mabampa meusi yenye ngozi ya mamba, ambayo kiwanda hakikukusudia yapakwe rangi, na wenye magari wanataka yafanane na gari. Inawezekana, lakini ngozi ile hushika silikoni ndani ya kila kijishimo. Sugua kwa brashi ya nailoni na maji ya moto mara mbili, tatu. Kama mteja anataka uso laini, ongeza mikono 3 au 4 ya praima nzito ya 2K (ile inayochanganywa na hadina, yaani kigandishi chake) na msasa kati yake, na umwambie bei mapema. Kama hataki kulipa hiyo, pakeni hivyo hivyo na ngozi ionekane, haina ubaya.

Kujua kama sehemu iliyobaki itashika: upande usioonekana, baada ya rangi kukauka siku kadhaa, chora kwa wembe vijiraba vya milimita 2, bandika tepu inayonata sana, ivute kwa ghafla. Vijiraba vikitoka na tepu, usipoteze wakati kuziba viraka. Ondoa yote. Na ukiondoa, ni kwa msasa: dawa ya kuondolea rangi ya bati huila plastiki.

Klia inatoka peke yake

Rangi iko salama, klia inatoka kama ngozi ya nyoka, mara nyingi juu ya bampa panapopigwa na jua. Rangi ilipitisha muda wake kabla ya klia, au ilipulizwa kavu sana hadi ikawa kama unga, au klia ilikuwa mkono mmoja mwembamba na jua likapita. Rangi ya msingi ikishakuwa kavu ya kugusa bila kung'aa, dakika 15 hadi 30, inataka klia. Ikipita muda wa mkebe, mara nyingi saa 24, ni lazima ipigwe msasa laini na kupewa mkono mwingine wa rangi kwanza. Klia yenyewe ni mikono miwili kamili, na mililita 400 hadi 500 zilizokwisha kuchanganywa zinatosha bampa la gari dogo.

Kukata klia ya zamani pale ilipobanduka tu na kupuliza nyingine hakufui dafu. Mpaka utaonekana na utaanza kumenyuka tena hapo hapo. Shuka kwa msasa 400 hadi ukingo usisikike ukipitisha kidole, malizia na 800, rangi, klia bampa zima.

Inapasuka

Angalia umbo la nyufa. Nyufa za duara, kama utando wa buibui, zinatoka kwenye pigo. Mstari mmoja mrefu unaofuata ufa wa zamani ni ukarabati ulioachia. Nyufa ndogo ndogo kila mahali, kama tope la Ahero likikauka, ni rangi iliyokuwa ngumu au nene kupita kiasi.

Ule mstari mrefu una historia inayojulikana: ufa uliunganishwa kwa supaglu, ukafunikwa na fila ya bati, ile ya kujazia mabonde kwenye bodi. Fila ya bati ni jiwe. Bampa linapojikunja kwenye tuta, fila haikunjiki, inaachia. Kwa polipropilini, ufa unachomelewa kutoka ndani kwa fimbo ya polipropilini, au kwa pini za moto zinazozama kwenye plastiki, kisha mikia ya pini inakatwa. Nje unachonga mfereji wa umbo la V, unaujaza kwa fila ya bampa, ile inayokunjika, juu ya praima ya plastiki. Ndiyo, hata fila inahitaji praima ya plastiki chini yake. Isizidi milimita 2 hadi 3.

Nyufa za kila mahali zinauliza maswali mawili. La kwanza: hadina ilipimwa? Klia ya 2:1 ni sehemu mbili za klia kwa moja ya hadina, kwenye kikombe chenye mistari. Kumimina kwa jicho na kuongeza "kidogo ikauke haraka" hakuharakishi kitu, hufanya klia iwe kama kioo. La pili: kuna rangi ngapi chini? Bampa la mtumba lenye rangi ya Japani, juu yake rangi ya gereji ya kwanza, juu yake yako, ni unene ambao hauwezi kujikunja. Shusha zile za juu.

Dawa ya kulainisha klia kwa ajili ya plastiki ipo, na kwa PUR ina maana sana. Kwa bampa la kawaida la polipropilini klia nyingi za 2K za siku hizi hazihitaji. Soma mkebe. Ukizidisha, klia inabaki laini kwa wiki na kushika vumbi la kila lori.

Vishimo vidogo, rangi inakimbia katikati

Rangi inafunguka duara, chini panaonekana. Ni silikoni au mafuta, na hakuna haja ya kubishana. Yanatoka kwenye bampa lisilosafishwa, kwenye hewa ya kompresa, au kwa jirani anayepuliza dawa ya matairi hatua kumi kutoka kwako.

Kutenganisha hewa na bampa ni rahisi. Elekeza hewa tupu ya bunduki kwenye kipande cha kioo safi kwa nusu dakika. Kioo kikipata matone au utando, ni kompresa: toa maji kwenye tangi kila asubuhi, badilisha chujio, tazama kama pistoni inapitisha mafuta. Kioo kikibaki safi, ni bampa.

Vikianza mkono wa kwanza, acha kupuliza. Usijaze kwa mkono mzito, vitafunguka tena vikubwa zaidi. Acha ikauke, piga msasa, safisha, anza na mikono miwili mikavu kama ukungu, kisha mkono wa kawaida.

Ukungu mweupe na malengelenge

Kisumu hii ni habari ya alasiri. Mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, hewa inakuwa nzito, na fundi anaharakisha kumaliza kabla ya mvua. Thina inaporuka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unakaa juu yake, na inaonekana kama imepumuliwa. Rangi ya NC na thina ya haraka ndizo zinazoumia zaidi. Kakamega na Kisii hali ni ile ile, hasa kati ya Machi na Mei.

Puliza kati ya saa tatu asubuhi na saa sita, tumia thina ya polepole, na bampa lisitoke kwenye kivuli baridi moja kwa moja hadi kazini. Gusa plastiki kwa mgongo wa mkono: ikihisi ubaridi wa unyevu, ngoja. Ukungu ukiwa umeshaingia kwenye NC, mkono mmoja mwembamba wa thina ya kurudisha mng'aro unaweza kuufungua. Kwenye klia ya 2K, isubiri ikauke kabisa, msasa 2000, kisha ing'arishwe. Ikiwa weupe uko ndani, ni kurudia.

Malengelenge ni ndugu yake wa baadaye. Toboa lenge moja kwa sindano. Likiwa na maji, plastiki au fila haikuwa imekauka baada ya msasa wa maji. Fila hunywa maji kama sponji, ndiyo maana inapigwa msasa mkavu. Vijitundu vidogo vyenye ncha juu ya klia nene si maji, ni thina iliyofungiwa: mkono wa pili ulifuata kabla wa kwanza haujapumua dakika 10, au bampa liliwekwa kwenye jua kali mapema.

Vumbi na wadudu

Plastiki ukiisugua kwa kitambaa kikavu inajaa umeme tuli na kuita kila unyoya uliopo. Ndiyo sababu bampa hukamata vumbi kuliko mlango uliopulizwa kando yake. Mguso wa mwisho uwe kisafishio cha kuondoa umeme tuli, au kitambaa kilicholowa kidogo, kisha kitambaa cha kunata kipitishwe polepole bila kukandamiza. Mwagia sakafu maji. Nakuru, miezi ya Januari na Februari, upepo wa kutoka Menengai unabeba vumbi laini ambalo turubai la upande mmoja halizuii. Zungushia pande zote.

Kisumu, jioni, ni wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa. Hakuna mbinu isipokuwa kumaliza kabla ya magharibi. Mdudu aliyekwisha kutua mwache. Ukimtoa kwa kidole utaharibu rangi kwa ukubwa wa kiganja. Kesho yake atatoka kwa msasa 2000.

Rangi ni "ile ile" lakini haifanani

Kabla ya kumlaumu aliyechanganya, hakikisha nambari. Kwenye Toyota iko kwenye bamba ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mstari wa C/TR au COLOR: 040 ni nyeupe ya kawaida, 1F7 ni fedha, 209 ni nyeusi yenye chembe, 070 ni nyeupe ya lulu. Ukisema "nyeupe ya Toyota" dukani, unaweza kupewa 040 ukapaka gari la 070, na tofauti itaonekana tangu upande wa pili wa barabara.

Nambari ikiwa sahihi bado kuna sababu. Kiwandani kwenyewe bati huchomwa kwenye oveni ya joto kubwa, kama nyuzi 140, joto ambalo plastiki haiwezi kulistahimili, kwa hiyo bampa hupakwa peke yake na kuokwa kwa joto la chini. Ukitazama gari la rangi ya fedha au dhahabu lisilowahi kuguswa utaona bampa na fenda tayari zina tofauti ndogo. Usimwahidi mteja kilichomshinda mtengenezaji. Vilevile gari la miaka 12 limepauka. Ng'arisha fenda kwanza, kiasi cha kiganja, ndipo ulinganishe na pale palipong'arishwa. Kulinganisha na fenda yenye vumbi la Njoro ni kulinganisha na vumbi.

Kwa rangi zenye chembe za alumini, mkono ndio unaobadilisha kivuli. Chembe ni kama vioo vidogo. Ukipuliza kavu, zinatua bapa juu na rangi inaonekana nyeupe zaidi ukiitazama moja kwa moja. Ukipuliza majimaji, zinazama na kusimama, rangi inaonekana nzito. Kwa hiyo:

Bampa ni jeupe kuliko fenda: sogea karibu kidogo, punguza hewa, tumia thina ya polepole. Mchana wa jua Nakuru, kwenye mwinuko wa mita kama 1,850 na hewa kavu, thina ya haraka inaruka kabla ya kufika, na rangi inatua kavu hata kama mkono wako ni ule ule.

Bampa ni zito kuliko fenda: rudi nyuma, ongeza kasi ya mkono, na mwishoni pitisha mkono wa ukungu kutoka sentimita 25 hadi 30.

Lina mabaka kama ngozi ya ng'ombe: mikono haikupishana sawa. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia au zaidi, bunduki ikiwa sentimita 15 hadi 20, shinikizo kama psi 30 kwenye mkono wa bunduki, pua ya 1.3 au 1.4. Bampa lina uso wa juu, wa mbele na wa chini, na mkono unaozunguka kwa pinde hutoa vivuli vitatu. Piga ukiwa umelitundika kama litakavyokaa kwenye gari, kwa sababu chembe zinatua tofauti bampa likiwa limelazwa kwenye madebe.

Nyeupe ya lulu ni hadithi yake. Ni tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu, klia. Idadi ya mikono ya lulu ndiyo inayoamua kama itakuwa na manjano au baridi. Chukua kadi 4 zilizopakwa ile nyeupe ya chini, ya kwanza ipe mkono mmoja wa lulu, ya pili miwili, hadi minne, zote zipewe klia, uzishike kando ya fenda nje juani, si chini ya mabati. Kadi bila klia haina maana, maana klia huibadilisha rangi. Na nyekundu au manjano inayokataa kufunika hata baada ya mikono mitano haina tatizo la rangi. Praima chini yake ni ya kivuli kibaya.

Mikunjo, machozi, ganda la chungwa

Mikunjo kama maziwa yaliyochemka: thina kali ya 2K imeivamia NC au enameli ya zamani iliyo chini, mara nyingi kwenye ukingo wa kiraka. Kitambaa chenye thina kingekuonya mapema. Shuka hadi chini, hakuna dawa ya kupaka juu.

Machozi, rangi ikitiririka chini: karibu mno, polepole mno, au thina nyingi. Yasubiri yagande, yakate kwa wembe au msasa 1500 uliozungushiwa kijiti, kisha ng'arisha. Ganda la chungwa, uso wenye vinundu kama ganda hilo: klia nzito, hewa kidogo, au bunduki mbali. Msasa 1500, 2000, kisha pasta, mashine ikienda polepole kwa sababu kona za plastiki hupata moto na kuungua haraka kuliko bati.

Bado inanata baada ya siku tatu

Ukucha unaacha alama. Hadina ilipungua, au ya zamani: hadina huharibika kwa unyevu, na mkebe uliofunguliwa mwezi uliopita wenye vipande vyeupe mdomoni utupwe. Au ni baridi. 2K inataka nyuzi 20. Julai usiku Nakuru, Molo na Eldoret hushuka hadi 10 na chini yake, na ukaukaji karibu usimame. Maliza klia saa saba ili bampa lipate jua la alasiri. Ukitumia taa ya joto, usipitishe nyuzi 60, na bampa liegemee mahali pengi. Lililoshikiliwa ncha mbili tu litalegea katikati, na halitarudi kwenye umbo lake.

Hadina hiyo ina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiizuii. Ni angalau ile yenye makopo ya kaboni, na yabadilishwe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji bila kungoja harufu, maana isosianati hudhuru kabla hujainusa.

Imepasuka siku ya kulifunga

Nyufa ndogo kwenye mashimo ya klipu na pembe za fenda zinatokea bampa likirudishwa kabla klia haijakomaa, mtu akilisukuma kwa goti. Ngoja saa 24 penye joto, 48 penye baridi. Weka tepu ya karatasi kwenye ukingo wa fenda na wa bampa pia. Anzia katikati, klipu za pembeni mwisho, na klipu iliyovunjika ibadilishwe. Bampa linalotikisika litajikwangua lenyewe kwenye fenda hadi plastiki ndani ya mwezi. Mashine ya maji ya kasi baada ya siku 7, pua ikiwa nusu mita au zaidi na isielekezwe kwenye kingo. Nta baada ya siku 30.